Ukikaa nyuma ya kioo hicho

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu,

Picha uliyotuma nimeiona. Umependeza: shati jeupe, kitambulisho shingoni, kioo mbele yako. Mdogo wako ameizungusha mwalo mzima, mpaka wauza mawese wanajua nina binti benki Dodoma. Ulilalamika kwamba nilisema hongera kavukavu kisha nikakata simu. Una haki. Nilikuwa nimekumbuka kioo kingine, cha hapa mjini, ambacho mwaka jana nilisimama mbele yake siku nne, na habari hiyo sikukuambia. Ulikuwa kwenye mitihani ya mwisho. Na nisikufiche, niliona aibu.

Waliniibia, mama. Shilingi 1,930,000, usiku mmoja, mimi nimelala.

Ilikuwa Ijumaa. Giza la kuvulia dagaa lilikuwa limekwisha, mbalamwezi imerudi, mitumbwi imepumzika, na mteja wa Dar es Salaam alikuwa ameshaingiza benki hela ya dagaa wote. Akaunti ilikuwa na 2,340,000. Mdogo wako akataka laini mpya kwa ajili ya bando, tukamwendea kijana mmoja aliyekaa chini ya mwavuli karibu na stendi. Nikafungua pochi kutoa kitambulisho cha NIDA, na kadi ya benki ikachungulia humohumo. Nikaweka kidole kwenye kimashine chake. "Mama, hakijasoma, ni jasho hilo, futa uweke tena." Nikafuta kwenye kanga, nikaweka tena. Kijana ana adabu, shikamoo zake zimetulia, ameniita mama mara sita.

Kidole cha kwanza kilisajili laini ya mdogo wako. Cha pili kilirudisha laini yangu mimi kwenye kadi nyingine ya simu aliyokuwa nayo, namba yangu ikawa mkononi mwake.

Jioni simu yangu ikakosa mtandao. Sasa hapa kwetu mtandao ukipotea nani anashtuka? Nikasema ni mnara, nikaanua dagaa wachache waliobaki kwenye chanja, nikalala.

Najua swali lililo mdomoni mwako, maana kila mtu ameniuliza: namba ya siri aliipata wapi? Sikumpa. Lakini namba yangu ya siri ya kuingia benki kwa simu ilikuwa 1968, mwaka niliozaliwa. Chukua kitambulisho chako cha NIDA ukiangalie sasa hivi: namba inaanza na mwaka wa kuzaliwa, halafu mwezi, halafu siku. Tarakimu nne za kwanza za kitambulisho nilichomshikisha kwa mkono wangu ndizo zilizokuwa zinalinda hela yangu. Nimefunga duka, ufunguo nimeuacha kitasani. Hapo kosa ni langu na silikatai.

Jumamosi asubuhi, laini bado imekufa, mdogo wako ndiye aliyeshtuka. Akageuza kadi ya benki, akasoma namba ya huduma kwa wateja iliyoandikwa nyuma, akapiga kwa simu yake. Akapokea binti, sauti kama yako. Akaniuliza majina, namba ya akaunti na maswali mawili ya kunitambua, kisha akasema: "Mama, nazuia akaunti yako sasa hivi. Maelezo tutayachukua baadaye." Ndiyo sababu laki nne na kidogo zikabaki. Jina lake sikulishika, na ninajilaumu mpaka leo.

Jumatatu nikaenda tawini. Foleni mpaka mlangoni. Nilipofika dirishani nikaeleza kwa sauti ya chini, na kijana aliyekuwa pale akajibu kwa sauti ya juu: "Sasa mama, namba ya siri ulimpa nani?" Watu wote wakageuka. Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke ninayemuuzia dagaa kwa mkopo. Nikasikia mwili unawaka. Akabonyezabonyeza kompyuta, akasema miamala imefanyika kwa namba sahihi, nirudi kesho meneja akiwepo. Kesho yake mtandao unasumbua. Keshokutwa meneja yuko kikaoni. Sikupewa hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba nilifika.

Aliyeniokoa ni yule mzee jirani yetu aliyekuwa karani reli. Alinisikiliza, akacheka kidogo (unajua kicheko chake), akasema, "Maneno ya dirishani hayana muhuri. Andika." Tukakaa barazani kwake jioni nzima. Kwanza akanituma polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kwenye kitabu chao. Pale walinisikiliza vizuri, wakaandika kwamba ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kisha nikaomba benki taarifa ya akaunti ya mwezi huo, iliyopigwa muhuri. Humo mwizi alikuwa wazi kama nyayo kwenye mchanga: 23:07 laki tisa, 23:09 laki sita, 23:12 laki nne na thelathini, zote kwenda kwenye namba za simu. Dakika tano, mwanangu. Mimi kuchambua ndoo moja ya dagaa ni saa nzima.

Kwenye duka la kampuni ya simu walinirudishia laini yangu. Wakaniambia kwamba Ijumaa ilirudishwa saa tisa na dakika arobaini alasiri, hapahapa Kigoma. Maandishi wakasema watawapa polisi. Hapo ndipo nilipounganisha na kidole cha pili. Mdogo wako akabonyeza *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, akakuta mbili nisizozijua, tukazifutisha palepale. Ubonyeze na wewe.

Barua ikawa fupi. Mzee alinikataza kulia ndani ya barua. Tukaandika saa laini iliporudishwa, saa hela zilipotoka, saa nilipopiga simu, namba ya RB, na swali moja: laini imerudishwa saa tisa alasiri, na saa tano usiku huohuo hela zote hizo zinahamishwa kwa laini hiyohiyo, kwa mteja ambaye miaka yote hajawahi kuhamisha hela usiku, mfumo wenu haukuona ajabu? Nakala mbili. Moja wakabaki nayo, ya pili nikasimama mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa, tarehe, na jina la aliyeipokea. Ukigonga muhuri huo juu ya karatasi ya mtu, mwanangu, ujue anakwenda nao nyumbani kama cheti.

Baada ya siku chache ile 430,000 ikarudi. Ilikuwa bado kwenye simu ya mpokeaji, haijatolewa kwa wakala, ikashikwa. Unaona maana ya yule binti wa simu? Laki tisa na laki sita zilikuwa zimeshatolewa.

Jibu la barua lilikuja baada ya wiki kadhaa: namba ya siri ilikuwa sahihi, benki haihusiki. Jirani mmoja akanitia moyo kwamba kuna Bodi ya Bima ya Amana, italipa. Hailipi. Bima hiyo ni ya benki ikifa. Mwizi akiingia kwenye akaunti ya mtu mmoja haiwahusu. Mzee wa reli akasema twende Benki Kuu. Kigoma tawi lao halipo, la jirani kwetu ni Mwanza, lakini sikuhitaji kusafiri. Wana dawati la malalamiko ya wateja, na sasa kuna mfumo wa mtandaoni wanaouita Sema na BoT. Sharti ni kwamba uwe umeanza kulalamika kwenye benki yako mwenyewe na hukuridhika na majibu. Nakala yangu yenye muhuri ndiyo iliyonifungulia. Tukaambatisha kila kitu, pamoja na lile jibu lao la mistari minne.

Mambo yakabadilika sauti. Meneja ambaye hakuwa na nafasi akanipigia mwenyewe, akaniita ofisini, nikapewa kiti na maji ya chupa. Tulibishana siku hiyo na siku nyingine. Yeye akashika 1968, mimi nikashika saa tisa na saa tano. Mwisho wakanirudishia 750,000, nusu ya iliyobaki, kwa karatasi inayosema ni kwa hisani na si kwa kukiri kosa. Nikasaini. Mzee alitaka tuendelee kupigana, mimi nilichoka, na ziwa lilikuwa linakaribia kufungwa, mtaji sina. Labda nilikosea. 750,000 nyingine ndiyo imekwenda hivyo, na kijana wa mwavuli hajaonekana tena pale stendi.

Halafu wakaja wezi wa pili. Mtu akanipigia anajua jina langu na kiasi nilichoibiwa, anasema yuko kitengo cha kurejesha fedha, nitume elfu themanini za kufungua jalada. Nani alimpa habari zangu sijui, ila mwalo una masikio. Nilikata simu, na ile namba yake nikaituma 15040, kunakopokelewa namba za matapeli.

Sasa nikuambie kwa nini nimeandika haya yote. Siku moja atasimama mbele ya kioo chako mtu mwenye sura kama yangu siku ile. Atakuwa ananuka samaki au jasho la basi, hatajua aanzie wapi, ataanza na habari za mteja wa Dar na mbalamwezi. Zuia akaunti kwanza. Umuulize saa, uandike saa. Kama ni lazima kuuliza habari ya namba ya siri, muulize kwa sauti ambayo wa nyuma yake hasikii. Umpe namba ya lalamiko lake kabla hajaondoka, hata kama mtandao unasumbua, hata kwa kalamu. Huenda ikawa kweli kaitaja mwenyewe namba yake kwa tapeli; kuna wengi. Bado hela yake inatoka kila dakika unapomhoji.

Dagaa wako nimempa mjomba wako, anakuja na treni ya wiki hii. Nimewachagua mwenyewe, hawana mchanga. Ukiwapokea usitume ujumbe, piga simu nikusikie. Na uniambie jambo moja, wewe uliye ndani: laini ya mteja ikirudishwa leo, kwenye kompyuta yako kunaonekana kitu chochote? Meneja nilimuuliza mara tatu hakunijibu.

Mama yako