Mwanafunzi rubani afundishwe kughairi kutua

Mhariri,

Kila ndege ndogo ya mafunzo inapoharibika wakati wa kutua, maelezo huwa yaleyale: mwanafunzi alishindwa kuimudu. Nimekuwa mkufunzi wa urubani kwa miaka mingi, na naona maelezo hayo yanaficha kiini cha jambo, kwani mara nyingi kinachoivunja ndege si kosa la kwanza, bali ni juhudi za kulirekebisha kosa hilo ikiwa imebaki mita moja au mbili kufika ardhini.

Chukua Cessna 172, ambayo imefunza marubani tangu miaka ya 1950 na hukaribia njia ya kutulia kwa mwendo wa kilomita zipatazo 120 kwa saa. Mwanafunzi mwoga huongeza mwendo kidogo, eti wa akiba, asijue kwamba ziada ya asilimia 10 humwachia nishati zaidi ya kumaliza kwa asilimia 21. Ndege huelea tu, na anapoona njia inamwishia, husukuma usukani mbele ili aibandike chini. Gurudumu la mbele, ambalo halikuundwa kupokea pigo la kwanza, ndilo linalotangulia kugusa. Ndege hudunda, naye husukuma tena akiwa amekwisha kuchelewa, hivyo kila mdundo huzidi uliotangulia.

Niliwahi kuyaona hayo nikiwa nimesimama kando ya njia. Mdundo wa tatu ulivunja mguu wa mbele, na ncha za pangaboi zikajikunja kwa nyuma. Mwanafunzi alishuka mzima, na swali lake la kwanza lilikuwa kama kutua kule kungehesabiwa.

Simlaumu. Sisi ndio tuliomzoesha kuhesabu kutua, wakati kughairi, yaani kuacha kutua na kupaa tena ili kuzunguka na kujaribu upya, hatukuhesabu popote. Kwa maneno ni jambo jepesi: toa nguvu zote za injini, zuia pua isipande mno, rudisha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, hatua kwa hatua wala si kwa mkupuo. Lakini aliyezoea kufanya hivyo kwa amri ya mkufunzi tu ataisubiri amri hiyo hata siku anayoruka peke yake, siku ambayo ndege, kwa kupungukiwa uzito wa mtu mmoja, huelea zaidi kuliko alivyozoea.

Napendekeza mwanafunzi asiruhusiwe kuruka peke yake mpaka awe ameghairi kutua mara kadhaa kwa uamuzi wake mwenyewe, mkufunzi akiwa kimya, na kila mara iandikwe katika daftari lake la safari za anga. Najua wenye shule watalalamikia mafuta ya mzunguko mmoja zaidi. Hao hao wanafahamu kwamba pangaboi likishagonga ardhi, injini hufunguliwa yote ikaguliwe, hata kama bado inanguruma vizuri.

Mkufunzi wa urubani