Kabla tela halijatoka shambani

Ndugu Mhariri,

Kila mavuno ya mpunga yanapofika hapa Mbarali, matrekta yenye matela huingia barabara kuu na kugawana lami na malori yaendayo Tunduma. Tunaomba nafasi tuwakumbushe madereva na wenye matrekta jambo linalosahaulika msimu hadi msimu: matela mengi ya shambani hayana breki. Kinachozuia msafara mzima ni magurudumu mawili ya nyuma ya trekta.

Tupige hesabu. Trekta la nguvu ya farasi 75 lina uzito wa takriban tani 3. Tela tupu tuseme ni tani 1 na ushee. Pakia gunia 60 za kilo 100, na sasa zaidi ya tani 7 zinasukuma tani 3. Zikiwa za lumbesa, yaani zilizojazwa kupita kipimo, ndiyo kabisa. Kwenye tambarare injini inavuta bila shida, kwa hiyo dereva anaridhika. Mteremko ndio utakaomwonyesha alichopakia. Tela lisilo na breki, pamoja na mzigo wake, lisizidi uzito wa trekta mara moja na nusu, na mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Kwa trekta hilo ni kama gunia 30. Njia ikiwa na miteremko, punguza tena.

Sasa tazama mguu wa kulia unapokaa. Pedali za breki ni mbili, na kati yake kuna komeo dogo la chuma. Shambani hufunguliwa ili dereva afunge gurudumu moja na kugeuka mahali padogo. Likiachwa wazi barabarani, mguu ukaangukia pedali moja, gurudumu moja linashika, trekta linakata kona ghafla, na tela linalokuja kwa nyuma linalisukuma ubavuni hadi lipinduke. Mara nyingi komeo hilo limeganda kwa tope kavu. Ligonge, lisafishe, lifunge, kisha kanyaga breki ukiwa mwendo wa kutembea uone kama magurudumu yote mawili yanashika sawa.

Mteremkoni, ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka. Ukishakolea mwendo ndipo ukanyage klachi utafute gia, unaweza usiipate, na hapo injini haizuii tena chochote.

Pini inayounganisha tela na trekta nayo tumeikuta imebadilishwa kwa kipande cha nondo. Nondo nyembamba ndani ya tundu pana hucheza kila tuta, hujipinda, na mwishowe hukatika au kuruka juu. Tumia pini inayojaa tundu, yenye klipu chini, na funga mnyororo wa usalama kati ya tela na trekta. Tena, vuta kwa chuma cha chini cha trekta tu. Anayefunga mzigo kwenye mkono wa juu wa kunyanyulia jembe analiinua trekta pua. Linaweza kubinuka kinyumenyume kabla hajaruka.

Tela la ekseli moja lipakiwe kuanzia mbele na lishushwe kuanzia nyuma. Uzito ukibaki nyuma, mkono wa tela unanyanyuka, magurudumu ya trekta yanapungukiwa na uzito, na breki zinateleza. Ukichomoa pini katika hali hiyo, mkono unaruka juu na kumpiga aliyeinama. Weka jiwe au kigingi kwenye magurudumu kwanza.

Usiku ndio unaotutia hofu zaidi. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hulikaribia trekta linalokwenda kilomita 20 kwa saa, mita karibu 17 kila sekunde. Dereva wa lori akiliona tela akiwa mita 50, ana sekunde 3. Matawi ya miti yanayofungwa nyuma ya tela kama alama hayaakisi mwanga. Tela liwe na taa mbili nyekundu zinazowaka na viakisi pembeni na nyuma. Visipokuwepo, lilale shambani hadi asubuhi.

Na vibarua wasikae juu ya magunia, wala kwenye mkono wa tela. Anayeanguka hapo huangukia mbele ya gurudumu.

Tunawaomba viongozi wa skimu za umwagiliaji wakague pini, komeo la breki na taa pale pale tela linapopakiwa, wakati gunia la ziada bado linaweza kushushwa.

Mafundi na madereva wa matrekta,
Mbarali, Mbeya