Odhis, nimekaa benchi ya tatu

Niaje Odhis,

Vipi Kisumu, vipi mama watoto, huyo mdogo ashaanza kutembea? Huku tuko tu, mvua, tope mpaka kwa mlango, bei ya unga usiniulize. Najua ni kama miezi saba hatujaongea na najua makosa ni yangu, wewe ulipiga mara mbili na mimi nikaangalia simu ikilia mpaka ikanyamaza. Kwa simu haya ningeyaharibu, ningeanza kubishana tena kabla hata hujamaliza salamu, si unanijua. Ndio nimeamua kuandika, chukua chai ukae.

Ni ile maneno ya ampu yangu, ile boksi ya kukuza sauti ya gitaa.

Unakumbuka ile Jumamosi ya mwisho kabla uhame, ulisema mbele ya kwaya yote ati gitaa yangu inakata masikio kama wembe, na mimi nikakujibu labda yako yameziba na besi. Watu wakacheka. Wewe hukucheka, ulikunja kebo yako polepole ukaenda stage. Nimeifikiria hiyo siku sana. Lakini wacha nianzie mbali kidogo ndio uelewe vile nimefika hapa, juu si rahisi mtu kama mimi kukubali kitu.

Kwanza ampu ilikufa. Ndugu ya Brayo, huyo huyo, aliichomeka moja kwa moja kwa soketi ya ukuta. Ampu ya Marekani, ya volti 120, kwa 240 ya kwetu! Na ile transfoma ya kushusha stima nimeiandika na maka nyekundu USITOE, kwa herufi kubwa. Aliitoa juu alitaka mahali pa kuchaji simu. Ikatoa kasauti kamoja tu, "pu", taa ikazima, halafu ile harufu, nilitaka kulia. Nikaipeleka kwa fundi mmoja hapo tao, sitamtaja, jioni akanirudishia ikiwaka, nikalipa bila kuuliza maswali. Kufika nyumbani roho ikaniambia fungua hako kakofia ka fyuzi uone ameweka ya saizi gani. Bana! Karatasi ya sigara. Amechukua ile fyuzi iliyoungua akaizungushia ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti, akarudisha vizuri kabisa, mpaka amekunja ncha. Kumaanisha siku nyingine ikienda vibaya hakuna kitu kitakatika isipokuwa transfoma yenyewe. Ama mimi.

Basi nikaanza kutafuta mtu anaelewa tyubu, zile chupa ndogo za kioo zinawaka ndani ya ampu na kukuza sauti. Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, duka la kwanza nikasema natafuta tyubu, akaniuliza ya baiskeli ama ya pikipiki. La pili, msichana mpole sana, akaniletea ile ya taa, ndefu, ya futi nne. La tatu jamaa akacheka akasema hizo vitu zilizikwa na redio za guka, lakini akanielekeza, panda hizo ngazi mpaka mwisho, kuna mzee.

Huyo mzee ungempenda. Chumba saizi ya kioski, redio za mbao mpaka kwa dari, na yeye haziiti tyubu, anaziita vali. Alifungua mgongo wa ampu na hakugusa kitu. Akaniuliza niliizima saa ngapi. Nikamwambia asubuhi. Akachukua rezista iliyofungwa kwa waya, akagusa nayo kapasita, zile za kuhifadhi stima, moja moja akihesabu chini chini, halafu akapima na mita. Mkono mmoja tu, ule mwingine uko mfukoni saa yote, nikadhani ni maringo ya uzee. Kumbe mle ndani kuna zaidi ya volti 300 na zinaweza kubaki zimekaa kwa kapasita hata ukishachomoa, na ukishika waya na mkono huu na chuma na ule mwingine, stima inapitia kifuani. Mimi nilikuwa nafungua hiyo kitu na bisibisi nikikula mandazi, Odhis. Mungu ni mwema tu.

Akaweka fyuzi ya ukweli. Halafu akawasha, akangoja zipate moto, akafungua volyumu bila gitaa na akaanza kugonga vali na penseli. Yaani penseli ya shule, upande wa raba. Mbili za kwanza, tik, tik, kawaida. Ile iko karibu na mahali unachomeka gitaa, akigonga inalia kwa spika kama kengele, ngiiii. Akasema hii imegeuka maikrofoni. Na mimi mwaka mzima nimelaumu kebo, nimebadilisha nyuzi, nimenunua pedali mbili za kuondoa kelele! Akaitoa, ilikuwa 12AX7, akatafuta kwa mkebe wa Kimbo akaweka 12AT7. Ati ile ya kwanza inakuza sauti mara 100 na hii mara 60 hivi, kwa hivyo sasa nobu ya volyumu ina mahali pa kutembea. Si unakumbuka vile ilikuwa, ukigusa 2 tu ishakuwa fujo.

Halafu akaniambia nipige vile huwa napiga. Nikaweka vile naweka siku zote, masta, nobu ya mwisho ya sauti yote, 2, volyumu ya mbele 9, juu Pasta hataki kelele na niliskia hivyo ndivyo unapata sauti ya tyubu. Akasikiza, akaangalia nyuma zile vali kubwa mbili, EL84, zikiwaka, akasema, "Umefuga ng'ombe wawili na unakunywa strungi."

Nilicheka lakini iliniuma. Ukishusha masta hivyo ni vali ndogo za mbele peke yake zinapiga makelele, zile kubwa za nyuma, zenye zinasukuma spika, zimelala. Sauti inapasuka lakini inapasuka nyembamba, kama nyuki kwa chupa. Akapindua kila kitu. Masta mpaka mwisho, volyumu 3 na nusu, na gitaa yenyewe nishushe hadi 7. Nikapiga. Odhis, ukipiga pole inaongea safi kabisa, ile solo ya benga yenye kila nyuzi inasikika imesimama peke yake, ukiongeza mkono kidogo inaanza kukwaruza kwa ncha, halafu ukilegeza inarudi. Bila pedali. Inafuata mkono. Nilikaa kwa hiyo stuli ya mzee karibu saa nzima, wateja wanapita juu ya miguu yangu.

Na kuhusu wati, ile hadithi yako ya niuze hii ya 15 nitafute ya 30, wacha. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, masikio hata hayashtuki. Kusikika mara mbili unahitaji kama wati mara kumi. Hii 15 ikiwa wazi inatosha kanisa letu na ile ploti ya nyuma na kuku wao.

Sawa. Sasa nimejaa kiburi. Jumamosi nikaenda mazoezi, nikaiweka pale pale chini kwa kapeti, nikapiga, kwangu ni asali. Nikaangalia kwaya nikingoja watu waseme kitu. Mama Njeri akasema, "Hiyo kitu bado inakata, ama ni mimi?"

Nilikasirika aki. Pesa zote hizo, vali, mzee, ngazi za ghorofa nne! Nilitaka kumjibu vile nilikujibu wewe. Halafu nikaona benchi ya tatu, pale ulikuwa unakaa na besi yako ukikataa kusimama, na nikakumbuka hiyo siku kabla nikutukane ulisema kitu kingine. Ulisema, "Kuja ukae hapa usikie." Mimi nikasema siwezi, kebo haifiki.

Basi nikampea kijana mmoja wa Sunday school gitaa, anajua kodi (chords) tatu tu, nikamsimamisha kwa mahali pangu, nikaenda nikakaa hapo kwa benchi yako. Akapiga G. Moja tu. Jicho likajifunga lenyewe.

Wembe, Odhis. Ule ule wembe.

Unajua kwa nini? Spika ya inchi 12 inarusha sauti kali mbele yake kama tochi, imenyooka, pembeni na juu hazifiki vizuri. Mimi nimesimama hatua moja mbele ya ampu iko chini, tochi inapita kwa magoti. Kwa masikio yangu inafika butu, naongeza trebo, nobu ya sauti kali, bado butu, naongeza, ndio unapata iko 8. Na mtu amekaa benchi ya tatu, kichwa kimeshuka, hiyo tochi inamwingia kwa sikio moja kwa moja. Miaka mitatu nimekuwa nikipangia sauti magoti yangu. Na nyinyi mkivumilia kwa jina la Yesu.

Dawa yake ilikuwa kreti ya soda. Kreti tu, ya chupa, halafu kibao chini ya mbele ndio ampu iangalie juu, iniangalie usoni. Nilipiga nyuzi moja nikaruka. Nilishusha trebo mwenyewe bila kuambiwa na mtu, 8 mpaka 4, sikuweza kuvumilia. Na ile besi ya kuvuma yenye ilikuwa inagombana na yako, si hata ulikuwa unadhani ni mimi nakuchokoza? Ilikuwa sakafu. Ampu ikikaa chini sakafu inaongezea besi, ukiinua inatulia. Nikapandisha midi, sauti za kati, hadi 7 hapo. Nikarudi benchi ya tatu na kijana na kodi zake tatu, na nakuambia huyo mtoto alisikika kama mtu amerekodi. Mama Njeri akauliza kama nimenunua ingine mpya. Nikaanza kumwelezea EL84, ati ni zile zile za ampu ya AC30 ya Brian May wa Queen, akafungua kitabu cha nyimbo.

Kwa hivyo, hivyo. Ulikuwa sawa. Na kinachoniuma zaidi si wewe kuwa sawa, ni kwamba ulikuwa sawa bila mita, bila mzee, bila kitu, ulikaa tu ukasikiza. Na nilikuaibisha mbele ya watu. Pole ndugu yangu. Nilitaka kuweka hii mwanzoni lakini mkono ukaanza na mvua.

Kitu ingine kidogo halafu niache. Mzee alinifanya ninunue mita, sasa napima stima kama mgonjwa. Jumapili asubuhi ukutani ni 248, jioni watu wakianza kupika inaenda mpaka 215, na transfoma inagawanya nusu tu haijali, kwa hivyo ampu inapata 124 asubuhi na kama 107 usiku. Ndio maana ibada ya jioni inasikika laini hivi, imechoka kidogo, tamu. Nilidhani ni upako. Ati Eddie Van Halen, yule mpiga gitaa, alikuwa anashusha volti za ampu yake ya Marshall makusudi na Variac, transfoma ya kuzungusha volti, na sisi tunashushiwa bure. Lakini mzee anasema nisifurahie sana, na pia transfoma ya kutengenezewa 60 Hz ikikula 50 ya kwetu inapata moto zaidi, nisiifunike na kile kitambaa cha madhabahu. Sijui nani alimwambia kuhusu kitambaa.

Sasa ombi. EL84 zangu zimezeeka, moja inawaka vizuri na ingine ni kama inafikiria. Mzee ako na moja moja tu na hizi zinafaa kuwa pacha, zimepimwa pamoja. Binamu yako Akinyi bado anakuja Disemba? Anaweza nibebea jozi moja? Zinaingia kwa soksi, nzito si nzito, lakini isiwe ile sanduku ya kurushwa, ya mkononi. Pesa nitakutumia kabla. Nimeuza zile pedali mbili.

Na wewe je, utakuja harusi ya Brayo? Anataka bendi, anataka rumba tupu, na huyu kijana tumepata wa besi anapiga kama anadai mtu deni. Bado uko na besi yako ama ile story niliskia ya kuuza ni ukweli? Huko unapiga na nani? Mathe ameacha kukohoa? Na ukipata hii utanipigia ama nikupigie, saa gani mtoto hajalala? Nitashika, naapa.

Karatasi ya sigara bado iko kwa waleti yangu, nitakuonyesha ukija.

Wako,
yule wa magoti