Barua kwa Mwanangu: Usiiache Mizani

Mwanangu mpendwa,

Nimeona umefunga viatu, vitabu, hata pasi, lakini mizani umeiacha chini ya kitanda. Nimeitia mwenyewe kwenye sanduku, chini ya mashuka. Usiitoe.

Ulisema, "Mama, hiyo kazi ya kupunguza uzito nimeshaimaliza." Umeimaliza, nami nakusifu mbele ya kila mtu. Mwili wako ndio haujui. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, nayo ndiyo homoni inayouarifu ubongo kwamba akiba ipo. Ubongo hudhani kuna njaa ya ukame: hamu ya kula hupanda, na nguvu huchomwa kwa ubahili. Utafiti wa 2011 ulikuta homoni za njaa bado zimevurugika mwaka mzima baada ya watu kupungua. Mwingine wa 2016 uliwapima washiriki 14 wa shindano la kupunguza uzito la televisheni ya Marekani, miaka 6 baada ya kupungua. Miili yao ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotazamiwa. Kwa hiyo njaa hiyo si ulegevu wa tabia. Najua ni nani humu ndani aliyezoea kukuambia huna msimamo.

Basi pima. Kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya kula wala kunywa, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu. Juu ya zulia inadanganya. Andika. Namba ya siku moja isikutishe, maana chumvi na wanga wa jana vinaweza kukupandisha kilo 1 hadi 2, na hayo ni maji: kila gramu ya wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hushika takriban gramu 3 za maji. Jumlisha siku 7, ugawe kwa 7. Wastani huo ukipanda kilo 2 juu ya pale ulipofikia, anza kurekebisha wiki hiyohiyo. Kilo 2 unazishusha kimyakimya. Wengi huacha kupima siku wanapohisi wameongezeka, na siku hiyo ndiyo mizani ingewafaa kuliko zote. Ndiyo maana nimekasirika kuikuta chini ya kitanda.

Jikoni utakuwa peke yako sasa. Mafuta usimimine kwa macho. Kijiko kikubwa kimoja ni takriban kalori 120. Viwili vya ziada kila siku vinatosha kukurudisha polepole bila kuona umekula nini. Protini, gramu 1.2 kwa kila kilo yako: kwa kilo 75 ni gramu 90, kama 30 kila mlo. Inashibisha na kulinda misuli. Ukishiba, acha chakula sahanini. Hilo la kumaliza hadi punje ya mwisho hukujifundisha mwenyewe, nami sikulaumu.

Tembea. Dakika 30 ni nzuri kwa moyo, lakini wengi wanaodumu na uzito wao kwa miaka hufanya mazoezi kama saa moja kwa siku. Unaweza kuigawa asubuhi na jioni. Mara 2 kwa wiki nyanyua vitu vizito, kwani anayepungua hupoteza na misuli. Na ulale; ukikesha, kesho yake njaa itakusumbua.

Suruali zako pana bado ziko kabatini. Nataka kuzigawa zote, usiniambie nikuwekee hata moja "ikitokea." Ile iliyokukaa sawasawa kiunoni nenda nayo, uivae kila mwezi, maana hizi za mpira hazisemi kitu.

Betri za mizani nimezifunga kwenye soksi ya kijivu. Ukipiga simu Jumapili nisomee wastani, si namba ya asubuhi hiyo. Hata kama umepanda, nisomee. Sitakugombeza.

Bomba la jikoni linavuja tena, fundi atakuja keshokutwa. Na ufunguo wa kabati dogo uliuweka wapi? Nimeutafuta hadi nimechoka.

Mama yako