Ukungu ndani ya gari ni maji, sio uchafu

Mhariri, salamu.

Naomba nafasi nijibu barua ya msomaji wenu ya wiki iliyopita, yule aliyesema gari la zamani likishashika ukungu ndani dawa ni kumwaga Jik humo humo uache usiku kucha, na ikishindikana ung'oe kila kitu utupe uvalishe siti kava mpya. Na alipofika pale anasema ukiichanganya Jik na siki inakuwa na nguvu zaidi hapo ndipo nilipoweka gazeti chini nikatafuta kalamu. Nitalirudia hilo mbele, ila kwanza nieleze yaliyonikuta, maana mwaka jana na mimi niliambiwa karibu hivyo hivyo, nikafuata nusu yake, na nusu hiyo imenitia hasara.

Nina Volkswagen ya mwaka 1972, zile za mgongo wa kobe. Ilikuwa ya mjomba wangu ambaye alifanya kazi Dodoma miaka mingi sana. Yeye ujana wake ulikuwa wakati Volkswagen kama hii iliposhinda Safari Rally mwaka 1962, dereva Tommy Fjastad, na hiyo stori ametusimulia mpaka sote tumeikariri, kwa hiyo mtaelewa kwa nini nisingeweza kuliuza kwa wanunua skrepa. Kule Dodoma lilikaa nje ya nyumba mwaka hadi mwaka, vumbi kibao, jua limepausha siti, dashibodi imepasuka, lakini ukungu hata nukta moja hamna. Alipofariki nikalileta kwangu Tanga. Nikaliweka chini ya mwembe, nikapandisha vioo vyote mpaka juu, nikalifunika na turubai zito nikalifunga kamba, moyoni najua namtunzia mjomba gari lake. Hiyo ni Februari. Masika yakaja yakaisha, mwezi wa sita ndio nikafunua.

Usukani ulikuwa umeota manyoya meupe kama mkate uliosahaulika kabatini. Silingi yote vidoa vyeusi, mikanda imeshika ukijani, siti ya nyuma ukigusa kidole kinaacha alama, na ile harufu, wanaojua wanajua, ni ya shuka lililokunjwa bichi likasahauliwa chini ya kitanda wiki nzima. Binti yangu ana miaka tisa na ana pumu. Aliingiza kichwa tu alione gari la babu, dakika chache tunamtafutia pampu yake. Siku ile nilijua hii sio habari ya gari kupendeza.

Basi nikalipeleka gereji moja hapa mjini. Wakachukua presha ile ya kuoshea bodi wakapiga mpaka ndani, siti, kapeti, mpaka chini ya dashibodi, wakapaka ile dawa ya kung'arisha, wakapuliza pafyumu, laki na nusu nikatoa. Lilitoka linanukia vizuri mno. Wiki ya pili ukungu umerudi na safari hii umeota mpaka mahali ambapo mwanzo haukuwepo, chini ya siti, nyuma ya milango, kwa sababu walichofanya ni kunywesha kila kitu maji halafu wakafunga milango.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa makochi, hata sio fundi wa magari. Nilimpelekea siti anishonee upya, akainusa, akaiminya, maji yakatoka. Akaniuliza, "Mwanangu, unaosha nini na maji bado yanaingia?" Nikarudi nayo nyumbani siti ile ile.

Na ndilo ninalotaka wasomaji walishike. Mbegu za ukungu ziko kila mahali hewani, huwezi kuzimaliza, hata ungeosha kwa nini. Chakula chake pia kiko tele ndani ya gari, vumbi, jasho, makombo ya mkate wa mtoto, uzi wa kitambaa. Kitu pekee unachoweza kuunyima ni maji. Hapa pwani asubuhi unyevu wa hewa mara nyingi unapita asilimia 80, ukungu unaanza kujisikia raha tangu kwenye 70 hivi, sasa ukiongezea na tundu linalovuja na turubai linalozuia hewa umeshauwekea shamba. Dodoma hauoti kwa sababu hewa ni kavu, sio kwa sababu mjomba alikuwa anaosha sana.

Kutafuta maji yanapoingia ni kazi ya mchana mmoja na haina gharama. Nilitoa kapeti zote, nikafuta sakafu ikakauka, nikatandaza magazeti makavu mpaka chini ya dashibodi, nikaingia nikalala chali na tochi, kijana wangu nje na ndoo na kata. Nikamwambia mwaga taratibu, anza chini panda juu, sehemu moja dakika kadhaa kabla hujahamia nyingine, usikimbilie kumwagia gari zima maana hutajua limeanzia wapi. Milango hamna kitu. Kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, nikaona tone. Moja, limening'inia kwenye ncha ya waya, likaanguka kwenye gazeti, tap. Halafu jingine. Mpira wa kioo ulikuwa umekauka na kusinyaa kwenye ile kona, kwa nje huoni kitu. Lakini kubwa zaidi lilikuwa mbele. Hizi gari za miaka hiyo zina nafasi za kuvutia hewa kwenye boneti chini ya kioo, mvua inaingia humo kwenye kisanduku kisha inashuka kwa kibomba cha mpira mpaka chini. Kibomba changu kilikuwa kimejaa majani ya mwembe yaliyooza na tope, kimeziba kabisa, maji yanajaa kisandukuni yanamwagikia ndani. Niliingiza waya laini nikavuta uchafu wa kujaa kiganja. Mwembe wenyewe nilioona ni kivuli kizuri ndio ulioziba.

Kabla ya kung'oa siti ya nyuma ya Volkswagen hizi tafadhali toa kwanza waya wa betri, ule wa negativu. Betri iko chini ya hiyo siti, na ukikuta kifuniko chake hakipo, springi za siti zikikaliwa na mtu mzito zinagusa vichwa vya betri na hapo moto unaweza kuwaka kwenye siti yenyewe. Yangu kifuniko hakikuwepo, na sijui ni miaka mingapi tulikuwa tunakalia hatari hiyo. Nimekata kipande cha mpira mnene nikakifunga juu yake, na chini ya betri pale bati lilikuwa limeanza kuliwa na kutu, kwa hiyo ukitafuta ukungu utaokoa na bati.

Baada ya hapo kila kitu nje. Barakoa, glavu, na kazi yote ifanyikie uwanjani sio sebuleni, watoto wakae mbali na upepo uwe mgongoni kwako. Usipige brashi ukungu mkavu, utaupeperusha tu na kuuvuta puani, uloweshe kwanza kidogo na kitambaa cha maji ya sabuni. Na hizi mashine za kufyonza vumbi za kawaida zinachukua mbegu mbele zinazitoa nyuma, mimi sikuitumia mpaka mwisho kabisa. Siti za plastiki na milango nilifuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, zikakauka, nikapaka siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikaacha nusu saa nikafuta tena na maji masafi. Silingi ndio inataka subira, imebandikwa kwa gundi pembeni, ukiilowesha inalegea na kuning'inia, kwa hiyo kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, eneo la sahani moja kwa wakati, unafuta unakausha. Siku mbili zilikwenda kwenye silingi tu na vidoa vingine havikutoka, vimebaki vya kijivu, na nimevikubali. Doa linalobaki baada ya kufuta na kukausha halina shida kubwa, shida ni linalokua. Mikanda nikaiosha kwa sabuni tu, nikaianika kivulini. Lile zulia zito la chini ya kapeti, la kuzuia kelele, hilo nilitupa, likishaoza halioshwi, na hapo tu ndipo nakubaliana na yule msomaji.

Siti sasa. Wengi hawajui kwamba ndani ya siti za hizi Volkswagen hamna sponji, kuna nyuzi zilizoshikanishwa na mpira, na nyingi ya hizo nyuzi ni za makumbi ya nazi. Usumba! Nilipofungua kava nikaukuta, umekuwa mweusi, ukiushika unamomonyoka mkononi kama tumbaku, lakini katikati ambako maji hayakufika bado ulikuwa na ile rangi yake ya kahawia na unarudi ukiubonyeza, baada ya miaka yote hiyo. Gereji walikuwa wameshaniambia wataweka vipande vya godoro. Nilikataa na ninafurahi nilikataa, godoro linakunywa maji na kuyaficha, usumba unapitisha hewa. Na sisi watu wa pwani kweli tukanunue godoro, wakati kina mama zetu wanafukia makumbi kwenye tope la ufukweni miezi mpaka yalainike, wanayafukua wanayaponda wanasokota kamba? Nilipata gunia mbili za usumba uliokauka vizuri, yule mzee wa makochi akaushindilia kati ya gunia na kava kwa sindano ndefu, safu kwa safu, mchana kutwa nimekaa pembeni namshikia uzi. Kava ni lile lile la zamani, la mjomba, limeoshwa tu, na pale kwenye siti ya dereva bado kuna ule mchubuko wa funguo zake.

Kukausha ndio watu wanapofanya haraka. Milango wazi, feni inapuliza, jua la saa nne mpaka saa nane basi, ukiacha plastiki ya zamani juani kutwa inapasuka. Unajuaje pamekauka? Chukua nailoni nyepesi, ibandike kwa utepe wa gundi pande zote juu ya siti au sakafu jioni, asubuhi angalia chini yake. Ukiona umande, bado. Mimi siku ya nne bado, siku ya saba ndio ikatoka kavu, ndipo nikarudisha vitu. Mkaa kwenye sahani unasaidia harufu, hauui ukungu, watu wasidanganyane. Na turubai nimegawa. Gari sasa liko kwenye kibanda cha makuti wazi pande tatu, na kila Jumamosi asubuhi kukiwa na jua nafungua milango yote kwa muda wa saa mbili nzima.

Wenye gari za Japani wasiseme hii haiwahusu. Nimeshawasaidia majirani wawili tangu hapo, Corolla na Noah, wote wanalalamika kapeti la abiria linalowa bila mvua. Ni kibomba cha kutolea maji ya AC, kimeziba, maji yanarudi ndani. Angalia chini ya gari AC ikiwa inafanya kazi, kama siku ya joto halidondoshi maji hapo, ujue yanadondokea mahali pengine. Na anayekwenda kununua gari lililotumika, ukiingia ukapokewa na pafyumu kali basi vuta pembe ya kapeti uingize mkono chini, na muuzaji akikukataza usinunue.

Sasa Jik. Mhariri, Jik kazi yake ni kwenye sinki na vigae, vitu visivyokunywa maji. Kwenye kitambaa inapausha rangi, doa linakuwa jeupe unadhani umeshinda kumbe chini umeunywesha maji tu, na kwenye mikanda inakula nyuzi, mkanda utauona mzima na siku ya ajali ukakatika. Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililonifanya niandike. Jik na siki vikikutana vinatoa gesi ya klorini, gesi ya sumu, inachoma macho na kifua, na ndani ya gari dogo lenye milango iliyofungwa mtu hana pa kukimbilia. Jik na dawa yoyote yenye amonia navyo vinatoa gesi ya sumu, na baadhi ya dawa za kusafishia vioo zina amonia. Hata kama umetumia siki jana, osha kwa maji masafi na ukaushe kabla kingine hakijagusa hapo, na bora zaidi Jik isiingie kwenye gari kabisa.

Mimi nina mtoto mwenye pumu na nimeona usiku anavyohangaika kutafuta pumzi kwa ukungu peke yake. Barua ile imesomwa na watu wengi na kuna mtu ameshaikata ameiweka kwenye droo akisubiri wikiendi. Kama nafasi ni ndogo kateni yote haya ya mjomba na ya usumba, ila hilo la Jik na siki lichapeni toleo la Ijumaa, maana Jumapili ndio watu wanatoa ndoo wanaosha magari.

Msomaji wenu,
Tanga