Barua ya wazi kwa mdogo wangu, mwalimu wa Kongwa: chesi tuipeleke kijiweni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka Dodoma mjini. Nimefurahi mno kusikia kwamba unakusudia kuadhimisha Siku ya Chesi Duniani pamoja na wanafunzi wako. Ombi langu ni moja: usiifungie sherehe hiyo darasani, bali uipeleke kwenye kile kijiwe cha drafti karibu na soko, kwa sababu wazee na vijana wa bodaboda wanaokaa pale tayari wana nusu ya ujuzi unaohitajika.

Tarehe 20 Julai ilichaguliwa kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1924, Shirikisho la Kimataifa la Chesi, FIDE, liliasisiwa mjini Paris, na mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaitambua rasmi. Mchezo wenyewe ulitoka India, ukapita Uajemi na kwa Waarabu hadi Ulaya. Haujawa mali ya taifa moja, na Kongwa ina haki nao kama Paris.

Vifaa visikusumbue. Ubao wao wa drafti una miraba 64, sawasawa na wa chesi. Hakikisha tu kwamba kila mchezaji ana mraba mweupe kwenye kona ya mkono wake wa kulia. Kusanya vizibo 32 vya soda vya rangi mbili, kisha uandike kwa kalamu ya wino mzito MF kwa mfalme, MK kwa malkia, N kwa ngome, A kwa askofu na F kwa farasi, na vile vinane vya askari wa kila upande uviache bila maandishi.

Watakapoanza, wavumilie katika jambo moja. Kwenye drafti kula ni lazima, ilhali kwenye chesi ni hiari, kwa hiyo mchezaji hodari wa kijiweni atakula kila kete anayotegeshewa mpaka mfalme wake abaki uchi. Askari anayefika mstari wa mwisho na kugeuzwa malkia watamwelewa mara moja, maana wamezoea kingi. Farasi, anayeruka wenzake, ndiye atakayewachelewesha.

Na wasichana, ambao ni nadra kuwaona wamekaa kijiweni, siku hiyo wawe ndio walimu. Phiona Mutesi alijifunza chesi Katwe, mtaa wa watu maskini jijini Kampala, akaja kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Chesi. Siamini kwamba darasani mwako hamna mwenye kichwa kama chake. Anachokosa ni mtu wa kucheza naye kila jioni, na kijiwe kina watu wa namna hiyo tele.

Waombe ruhusa wazee wa kijiwe mapema, kwa heshima yao, kisha unijulishe. Wakiridhia, nitapanda basi la asubuhi nikiwa na seti mbili za kete za mbao.

Kaka yako,
Dodoma