Ulizeni siku kabla ya kuuliza bei: barua kwa chama cha vijana wa Manyatta

Wanangu,

Jumapili mlipotoka kwangu mlidhani nimekubali kwa sababu nilinyamaza. Sikukubali. Nilikuwa nachambua samaki wa ngege, na mtu mwenye mwiba mdomoni hajibu mambo ya pesa. Sasa nimemaliza kula, nimelala juu ya maneno yenu siku tatu, na jibu langu ni hili. Lisomwe mbele ya wote kumi na wawili, pamoja na wale wawili ambao hawakufika.

Mlinieleza vizuri. Kila mmoja ametoa 4,000, chama kina 48,000. Mwenye duka la jumla amewaahidi kwamba mkichukua magunia kumi ya sukari kwa mpigo, atawapunguzia shilingi 100 kwa kila gunia. Zinazopungua mtakopa kwenye simu. Sukari haiozi, mkasema, na kila mtu anakunywa chai. Yote ni kweli. Lakini nilipouliza gunia moja linamalizika kwa siku ngapi pale Kondele mnapotaka kufungua, mlitazamana. Mmoja akasema "haraka sana, Mama." Haraka si hesabu.

Nimeuza hapa soko la Kibuye, Kisumu, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mtu akija kunishawishi ninunue mzigo, mwanzoni simsikilizi bei. Nauliza siku. Bei ya jumla anaipanga mwenye kuuza jumla, nayo hupangwa ili mzigo utoke kwake uje kwako. Siku anazipanga mteja wako, na huyo hajui kwamba umepunguziwa 100.

Tufanye hesabu pamoja, maana yule kijana wa simu, aliyewapigia hesabu kwenye simu yake, aliifanya kwa kidole kimoja.

Tuseme gunia la kilo 50 ni 6,500. Kilo inaangukia 130, mnauza 140. Akasema faida ni 500, na wote mkaitikia kama mko kanisani. Hiyo 500 haipo. Wateja wenu hawanunui kilo, wananunua robo. Gunia lina robo 200. Mkono ukizidisha gramu tano kwenye kila robo, na lazima utazidisha maana mteja anaitazama mizani kuliko anavyokutazama wewe, gramu tano mara 200 ni kilo nzima imekwenda. Mnabaki na kilo 49, ambazo ni 6,860. Toeni 6,500, inabaki 360. Tuktuk au mkokoteni, tuseme 100. Mifuko, tuseme 80. (Zamani mifuko ilikuwa kama bure. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 plastiki ilipopigwa marufuku, karatasi ya kaki ina bei yake, na sukari ikikaa humo siku ya mvua inashika unyevu na kuganda.) Mkononi inabaki 180.

Msikunje uso. Shilingi 180 ni nzuri sana ikirudi mara nyingi. Kibandani kwangu gunia huisha kwa siku tatu. Pesa ile ile ya gunia moja, 6,500, inazunguka mara kumi kwa mwezi, inaniletea 1,800.

Sasa wekeni magunia yenu kumi kwa 6,400. Ni 64,000. Kila gunia linawapa 280, jumla 2,800 kwa mwezi, kama mtauza kwa kasi yangu. Mna 48,000, kwa hiyo mnakopa 16,000. Mkopo wa simu wa asilimia 8 kwa mwezi unataka 1,280 juu yake. Mnaona? Mnalipa 1,280 ili mpunguziwe 1,000. Mnabaki na 1,520, pungufu ya 1,800 ambayo mama mzee ameipata kwa gunia moja moja na hakukopa kwa mtu. Atakayesema magunia kumi yanapunguza gharama ya usafiri, aulize pia kodi ya stoo. Tena 41,500 ya chama, ambayo ingekuwa inazunguka kwenye mafuta ya kupima, mayai na unga, imelala stoo ikiwatazama.

Hapo sijasema kitu kuhusu nyinyi kuuza polepole kuliko mimi, na mtauza polepole. Duka jipya huangaliwa kwanza.

Kama lazima mkope, basi angalau someni neno linalofuata asilimia. Hazina ya Hustler, ule mkopo wa serikali wa kwenye simu uliozinduliwa Novemba 2022, inatoza asilimia 8 kwa mwaka, na mikopo mingine ya simu inatoza karibu hiyo hiyo kwa mwezi. Namba moja, mateso tofauti.

Haya niliyajua kwa kuumia. Miaka ya tisini, kabla ya bajeti ya Juni kusomwa, muuzaji mmoja wa jumla alininong'onezea kwamba sabuni itapanda. Nilitoa akiba yote, nikakopa kwa shemeji, nikachukua katoni arobaini za sabuni ya mche. Nilizipanga chumba cha nyuma chenye mabati, hadi kwenye dari. Bajeti ikasomwa, sabuni ikabaki pale pale ilipokuwa. Sawa, nikasema, nitauza taratibu.

Mliozaliwa juzi mnajua sabuni iliyofungwa kwenye karatasi yenye picha. Mche wa siku zile ulikuja na maji ndani yake. Ulikuwa mlaini kiasi cha kuacha alama ya kidole, na ukiukata kwa waya vipande vilitoka laini kama jibini. Chini ya yale mabati maji yalitoka. Mwezi wa pili miche ilianza kupinda kama ndizi. Mwezi wa tatu ikatoa unga mweupe juu, na nikiweka waya, kipande kinapasuka katikati, kimoja kikubwa, kingine makombo. Jirani yangu aliyekuwa akinunua katoni mbili mbili alikuwa na sabuni nono, ya juzi. Mteja alishika kipande changu mkono huu na chake mkono ule. Mimi nikabaki kueleza kwamba sabuni kavu hudumu zaidi kwenye beseni, jambo ambalo ni kweli kabisa na halikuniuzia hata kipande. Makombo niliyafulia nguo za watoto hadi mwaka uliofuata. Shemeji nilimlipa kwa mbuzi.

Kwa hiyo mtu akiwaambia bidhaa haiozi, mwambieni aje anitazame nikicheka.

Je, hakuna wakati wa kujaza stoo? Upo, na sitaki mnielewe vibaya. Ni pale mnapojua, si kwa kunong'onezwa, kwamba mlango utafungwa. Mfano ni omena, dagaa wa ziwani. Uvuvi wake hufungwa Aprili hadi Julai ili wazaliane, na jambo hilo halina siri, limo kwenye kalenda ya kila mvuvi wa Dunga. Anayenunua omena kavu mwezi Machi anajua siku zake tangu mwanzo. Hata hivyo asidanganyike na juu ya gunia. Ingizeni mkono hadi katikati, mpaka kwenye kiwiko, mfinye. Omena kavu inalia kama majani makavu na kuvunjika. Ikikunjika bila kuvunjika, iacheni, hata kama mwenyewe ameapa kwa mama yake, maana masika yanakuja na gunia hilo litaota ukungu mkiwa mmelala. Na likifika stoo liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Madaftari ya shule kabla ya Januari nayo ni hivyo hivyo. Shule ina tarehe, uvumi hauna.

Kuna aliyetaka kusema habari ya shida, namkumbuka alivyoinua mkono nikamkatiza kwa kuagiza chai. Anisamehe. Nadhani alitaka kuuliza, je, bidhaa zikiadimika? Januari 2008 barabara ya kutoka Nakuru ilipofungwa, malori hayakutufikia, rafu zilikauka. Wako waliokuwa na stoki wakauza unga kwa bei waliyotaka. Siwezi kuwaambia hawakupata pesa, walipata. Ila mtaa una kumbukumbu. Mmoja wao nilimwona miaka mingi baadaye, wateja wanapita mlangoni kwake kwenda kununua chumvi mbali, na watoto wao ambao hata hawakuwa wamezaliwa wanapita vile vile.

Sasa chama chenyewe, maana hapa ndipo naogopa zaidi kuliko kwenye sukari. Mali ya watu kumi na wawili kila mmoja anaiona ni yake wakati wa kuchukua, na ni ya wenzake wakati wa kuhesabu. Mmesema mtauza kwa zamu. Basi atakayefunga jioni asihesabu peke yake, wahesabu wawili: aliyeuza leo na atakayeuza kesho. Pesa, zilizo kwenye tili ya simu na zilizo kwenye droo, ziandikwe na sukari iliyobaki ipimwe siku hiyo hiyo, si Jumamosi. Mwanachama akitaka robo ya kupeleka nyumbani alipe kama mteja mwingine, hata kama ni mwenyekiti, hasa kama ni mwenyekiti. Mnajua msemo wa mali bila daftari. Mimi naongeza kwamba daftari lenyewe likae na mtu asiyeshika ufunguo.

Kukopesha, nitawapa kanuni yangu na msiniulize imetoka wapi. Wadeni watano tu kwenye ukurasa. Wa sita, hata awe mwalimu, hata awe jirani wa ukuta mmoja, anangoja mmoja wa wale watano alipe. Atanuna. Kununa hakuzidi wiki mbili, deni linaweza kukaa miaka.

Mizani ipelekwe kwa watu wa vipimo ipigwe muhuri, kila mwaka. Na mteja akiwaonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, tazameni simu yenu. Hayo mawili sirefushi.

Mtaniuliza sasa mfanye nini na ile 48,000. Nunueni magunia mawili, si kumi. Ongezeni mtungi wa mafuta wa lita 20 wa kupima, beli mbili za unga wa ugali na moja ya ngano, katoni ya majani ya chai ya pakiti ndogo, viberiti, chumvi. Anayekuja kununua sukari anataka na majani. Nusu ya pesa ibaki kwenye akaunti ya chama, mtu yeyote asiiguse. Kwa kila kitu andikeni tarehe kilipofunguliwa na tarehe kilipokwisha. Kufikia mwisho wa mwezi ukurasa huo utawaambia ni kitu gani cha kununua kwa wingi, na huenda isiwe sukari. Kwangu ilikuwa viberiti, nani angefikiri?

Kisha rudini kwa yule mwenye duka la jumla na ukurasa wenu mkononi. Mwambieni mtakuwa mnachukua mawili kila juma, bila kukosa, pesa taslimu, na mngependa bei ya magunia kumi. Wengine hukubali. Yeye pia ana stoo na siku zake.

Alhamisi nitakuwa kibandani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya mikate kufika. Waje wawili, na mmoja awe kijana wa simu. Nitampa sukari kilo tano, apime robo ishirini kwa mkono wake, bila kuharakishwa. Halafu tutahesabu zimetoka ngapi kweli.

Mama yenu,
Kibuye